Makoti matatu ya mvua, bado nafika kazini nimelowa mapajani: nakosea wapi?

BintiGia

Wakuu, salaam.

Nimekuwa nikisoma humu kimyakimya kwa muda mrefu, leo nimeshindwa kunyamaza. Naomba msaada, na mkicheka mcheke kidogo tu.

Naenda kazini kwa pikipiki, kilomita 19 kwenda na 19 kurudi. Barabara ikiwa kavu ni dakika 40, mvua kubwa ikishuka ni saa nzima. Pikipiki ni ya cc 125, haina kioo cha mbele, na madigadi ya mbele ni fupi. Wale wa "subiri iishe" nimewasikia. Mvua ya msimu huu haiishi, inapumzika tu.

Koti langu la kwanza lilikuwa lile la kujitupia mabegani kama shuka lenye kofia. Siku ya kwanza nikiwa kwenye 50 hivi, upepo ukaingia kwa chini, ukalipandisha lote, likanifunika kioo cha helmeti. Sekunde mbili tatu naendesha bila kuona kitu. Nilipofika nikakuta pindo la nyuma limepakwa grisi ya cheni, maana yake njia nzima lilikuwa linaichezea cheni na mimi sijui. Sasa hivi linafunika matofali uani.

La pili ni ovaroli la plastiki nzito, koti na suruali kitu kimoja. Maji hayakupita, lakini nilipolivua nilikuwa kama nimetolewa kwenye sufuria yenye mfuniko.

La tatu ndilo lililoniumiza mfukoni. Koti na suruali, vyote vina lebo ya kuzuia maji ya 5,000, na muuzaji akaniapia kwamba hata nikitumbukia mtoni nitatoka mkavu. Mtoni sijatumbukia. Kwenye mvua ni hadithi ileile kila siku: mabega makavu, kifua kikavu, mgongo mkavu, halafu nikishuka nakuta duara la maji mapajani kwa juu, kubwa kama sahani, pale mahali ambapo mtu mzima hatakiwi kulowa. Makalio nayo yana unyevu. Na kikao kinaanza saa 2 kamili. Nimeshajifunza kutembea nimeshika faili kwa mbele. Juzi mwenzangu kaniuliza kwa upole, pembeni, kama naumwa.

Mengine mawili madogo. Glavu zinajaa maji, nikikamata breki zinatema. Na buti, tena la kushoto peke yake. La kulia kavu kabisa, la kushoto nikivua soksi naikamua. Ni jozi moja, nimenunua siku moja.

Kitambaa ndicho kibovu au mimi ndiye sijui kuvaa? Tafadhali, "nunua gari" si jibu.

Kichwa_Kigumu

Nunua gari.

Natania, dada. Mimi mwenyewe nimekaa hapa nasubiri majibu, suruali yangu imetundikwa kwenye mgongo wa kiti inachuruzika.

Mzee wa Spana

Binti, pole sana. Kabla hujanunua la nne, rudisha pochi mfukoni kwanza.

Mimi nina miaka 31 juu ya pikipiki, 12 kati ya hiyo nikisambaza vifurushi, kazi ambayo mvua haikuwa udhuru. Nimelowa kila mahali ambapo mwili unaweza kulowa. Nilichokiona ni kwamba kitambaa kinasingiziwa mno. Maji yanaingilia pale nguo inapoishia, pale inapofunguka na pale inapokaliwa.

Jitazame unavyokaa. Ukisimama mbele ya kioo dukani, koti linaning'inia vizuri na maji yangeteleza hadi chini. Panda pikipiki sasa. Tumbo linakunjika, pindo la koti linajirundika mapajani, na kati ya tumbo, mapaja na tanki panatokea bakuli. Kila kinachopiga kifua kinateremka humo. Nacho kinachopiga kifua si kidogo: tone kubwa la mvua linaanguka kwa mita 9 hivi kwa sekunde, na wewe ukiwa kwenye 60 unakwenda karibu mita 17 kwa sekunde. Kwa hiyo mvua haikunyeshei tena, unaiingia mwenyewe kwa kifua. Bakuli linajaa kabla hujamaliza kilomita ya pili. Na chini kabisa ya bakuli hilo kuna nini? Zipu. Zipu ni meno yaliyokamatana. Maji yakituama juu yake dakika kumi, yatapita.

Mimi nikifika kwenye taa nyekundu nasimama wima, nimetanua miguu, bakuli lote linamwagika juu ya tanki. Watu wa kwenye magari wanadhani najinyoosha mgongo.

Kuhusu ile 5,000. Hiyo ni milimita. Maana yake kitambaa kilibebeshwa bomba la maji lenye kimo cha mita 5 ndipo kikaanza kupenyeza. Unasikia ni kingi, na kweli kwa upepo ni kingi: ukienda kwenye 80, upepo unakusukuma kifuani kwa nguvu sawa na maji ya kimo cha sentimita 3 tu. Matone yenyewe yanagonga kwa nguvu zaidi ya hapo, ila kwa kufumba na kufumbua. Shida ni unapokaa. Mtu wa kilo 70 akiuweka uzito wake wote kwenye eneo la sentimita 30 kwa 30, chini yake ni kama maji ya kimo cha sentimita 78, na hiyo ni wastani. Chini ya ile mifupa miwili ya kukalia ni mara kadhaa ya hapo, saa nzima, bila kupumzika, huku unasuguana na siti kila unapopita kwenye tuta. Kitambaa cha 5,000 kikishachakaa kidogo hapo, kinasalimu amri. Ndiyo maana wengi wetu tunataka 10,000 kwenda juu kwa suruali, na koti tunalisamehe.

Lakini siti yenyewe umeikagua? Bonyeza sponji kwa kiganja, asubuhi baada ya pikipiki kulala nje kwenye mvua. Kama gamba la siti lina mpasuko, hata mdogo wa kwenye mshono, sponji inakunywa usiku kucha halafu wewe unakuja kuikamua kwa makalio. Hapo utabadili suruali mpaka uchoke.

Sasa usikisie. Fanya hivi: vaa kila kitu kama unakwenda kazini, ila chini ya koti na suruali panga kurasa za gazeti, tumboni, mapajani, chini ya makalio, mgongoni. Kaa juu ya pikipiki imezimwa, mikono kwenye usukani. Mtu akumwagie maji kwa kopo la bustani kwa robo saa, akianzia kifuani. Kisha vua taratibu usome gazeti. Gazeti halidanganyi, linaonyesha maji yalikoingilia kabla hayajatapakaa. Ukisubiri ufike kazini ndipo uangalie, kila kitu kimeshalowana na huwezi kujua nani alianza.

Na kagua blauzi. Ikichungulia nje ya koti hata upana wa kidole, inafanya kazi ya utambi wa taa: ncha iliyolowa inayavuta maji hadi juu tumboni. Kikulacho ki nguoni mwako. Skafu vilevile, ncha zake zote ziwe ndani.

Cherehani_Kimya

Mzee amesema vizuri, ila kuna kitu amekiruka na ndicho kinachonilisha. Mishono.

Mimi fundi cherehani, pikipiki napanda kwenda na kurudi kibandani. Sindano ikipita kwenye kitambaa kisichopitisha maji, inaacha tundu kila milimita 2 au 3. Mshono wa kutoka kiuno cha mbele kupita katikati ya miguu hadi kiuno cha nyuma ni kama sentimita 60. Piga hesabu: matundu 200 na zaidi, yamejipanga mstari, katikati ya bakuli la mzee. Si jambo jipya hili. Charles Macintosh alipata hataza yake Uingereza mwaka 1823, tabaka mbili za kitambaa na mpira katikati, na makoti yale yalivuja palepale mafundi walipopitisha sindano. Kitambaa kizima, kazi ya fundi ndiyo ikakitoboa.

Geuza suruali yako ndani nje uipeleke kwenye mwanga. Utaona ukanda mwembamba, kama selotepu iliyofifia, umebandikwa juu ya mishono. Huo ndio unaoziba matundu. Kati ya miguu mishono minne inakutana kama njia panda, ukanda umepandana tabaka juu ya tabaka, na ndipo unapoanza kubanduka. Pitisha ukucha pembeni yake. Ukiona unainuka, umempata mwizi wa kwanza. Futa vizuri, pakausha, paka gundi ya kuzibia mishono kwa brashi ndogo, nyembamba, mara mbili, acha siku nzima. Usipakunje kabla haijakauka.

Naomba pia, kwa niaba ya mafundi wote: ukipata tundu usilishone kwa uzi. Watu wananiletea suruali ya mvua "nipigie mkono mmoja tu hapa, fundi". Kila mkono ninaopiga ni mlango mpya. Kiraka cha gundi, kwa ndani, pembe zake umezikata mviringo zisinase.

Jingine. Nguo ikiwa mpya maji yanajiviringa juu yake kama shanga na kudondoka. Ikizeeka, kitambaa cha nje kinaanza kunywa maji, kinakuwa kizito na cha baridi. Hapo watu husema inavuja, na mara nyingi haivuji. Zile nguo za bei zina utando ndani wa aina aliyoigundua Bob Gore mwaka 1969, alipochukua plastiki iitwayo PTFE iliyopashwa moto akaivuta kwa ghafla badala ya taratibu, ikatanuka ikawa na vitundu vidogo mno: mvuke wa jasho unapita, tone la maji halipiti. Kitambaa cha nje kikishafunikwa na maji, mvuke hauna pa kutokea, unageuka maji humohumo ndani. Umelowa, ila kwa maji yako mwenyewe. Kutofautisha ni rahisi: mvua iliyovuja ni ya baridi na inaanzia mahali pamoja, jasho ni vuguvugu na limeenea mgongoni na kwapani. Maelezo yako wewe, dada, ni ya kuvuja. Ila lile ovaroli la pili lilikuwa jasho, halikukosa kitu.

Na dawa ya kulainisha nguo isiguse suruali ya mvua. Sabuni laini ya maji, suuza mpaka uchoke, tundika pa hewa. Ile ya kunukia inabaki kwenye nyuzi na kuzifanya zipende maji.

Mama Helmeti

Wanaume mmeandika vitabu, na hakuna aliyegusa glavu wala buti. Ngoja niingie.

Dada yangu, glavu zako zimekaa juu ya mkono wa koti, nabashiri. Maji yanatoka begani, yanateremka kwenye mkono kama kwenye bomba la paa, yanaingia kwenye mdomo wa glavu uliofunguliwa kuyapokea. Geuza. Shingo ya glavu iingie ndani, mkono wa koti uwe juu, kaza kile kinachonata kwenye kifundo cha mkono. Na suruali vilevile, juu ya buti, wala usiichomeke ndani hata kama unaona inapendeza.

Glavu zikishalowa usizivue kwa kuvuta vidole ukiwa na mikono mibichi. Bitana itachomoka yote kama soksi na haitarudi mahali pake maisha. Mimi natembea na jozi mbili, ya pili iko kwenye mfuko uliofungwa. Mikono iliyolowa kwenye upepo inakufa ganzi, na mkono wenye ganzi hausikii breki. Maji yanakuibia joto mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo hata siku isiyo ya baridi kali utatetemeka.

Kuvaa: vaa kabla mvua haijashika. Najua sote tunasubiri, tunasema "hili ni rasharasha tu", halafu tunasimama pembeni kuvaa suruali juu ya suruali iliyokwishalowa. Umelifungia bwawa ndani. Mimi wingu likishakuwa na rangi ya chini ya sufuria, nasimama. Na kama suruali haipiti kwenye buti, vaa mfuko wa plastiki juu ya buti kwanza. Mguu unateleza kama samaki, kisha unauvuta mfuko na kuuweka mfukoni kwa kesho. Nilichelewa miaka minne kulijua hilo, miaka minne nikirukaruka kwa mguu mmoja barabarani mbele za watu.

Halafu angalia ekzosi! Suruali nyingi za mvua ni nailoni, ikigusa chuma cha moto inayeyuka na kuganda. Yangu ya kwanza ilibaki na tundu la kuingiza ngumi upande wa kulia, na bomba likanuka wiki nzima. Ikiwa pana chini, ifunge kwa lastiki juu ya kifundo.

Kioo cha helmeti kikiganda mvuke, pakaza tone la sabuni ya kuoshea vyombo kwa ndani, lisugue kwa kitambaa kikavu mpaka usilione. Linashika siku moja mbili. Lakini kama kioo chako kina ile karatasi ya ndani ya kuzuia mvuke, usiipake kitu chochote.

Nguo za kikao zitangulie. Suruali kavu, soksi na taulo dogo kwenye mfuko wa kukunja mdomo, unakunja mara tatu ndipo unafunga. Mara moja haitoshi, nimeshafika na laptopu inayodondosha maji.

Mwendapole

Hapo kwa glavu nakataa, mama. Mimi naweka glavu nje, miaka yote, na mikono yangu ni mikavu. Nikiingiza ndani maji yananijaa hadi kwenye kiwiko. Kwa hiyo ushauri wako umenipa mafuriko mara mbili.

Mama Helmeti

Ukiingiza ndani unakaza au unaacha inapepea?

Mwendapole

Nakaza. Sijazaliwa jana.

Mzee wa Spana

Msigombane. Mwendapole, usukani wako uko juu?

Mwendapole

Juu, ndiyo. Ni wa kukaa umeegemea nyuma.

Mzee wa Spana

Basi nyote mko sawa. Panda pikipiki, shika usukani, mwambie mtu atazame kipi kiko chini, kifundo cha mkono au kiwiko. Kifundo kikiwa chini, maji yanakimbilia vidoleni, mkono wa koti uwe nje. Usukani ukiwa juu ya kiwiko, maji yanarudi kwako, glavu iwe nje. Maji hayana kichwa kigumu kama sisi, yanateremka tu.

Na BintiGia, ulitaja madigadi fupi ya mbele, sikulijibu. Gurudumu la mbele linachota maji ya barabarani na kuyarusha juu, moja kwa moja kwenye miundi na buti zako. Hayo yanatoka chini, kwa hiyo suruali kuwa juu ya buti haiyazuii, yanaingia kwenye uwazi kama moshi kwenye dohani. Tafuta kipande cha mpira mgumu, kata ulimi, ukaze kwa skrubu mbili mwisho wa madigadi, ushuke karibu na lami lakini usiguse, na uhakikishe hata ukizama kwenye shimo haukamatwi na tairi. Utaona tofauti siku hiyohiyo.

BintiGia

Nimerudi, na nina ripoti.

Jumamosi nimefanya jaribio la gazeti. Mdogo wangu alijitolea kushika kopo la kumwagilia kwa furaha ambayo bado inanitia shaka. Nikakaa juu ya pikipiki uani, helmeti kichwani, glavu mkononi, nimevaa kila kitu, jua linawaka. Majirani wawili walipita. Mmoja alisimama.

Robo saa, makopo 11. Nimevua taratibu kama alivyosema mzee.

Gazeti la mgongoni na la kifuani: kavu, unaweza kulisoma. La tumboni: mstari wa maji umepanda kutoka chini, upana wa vidole vitatu, umeishia karibu na kitovu. Nikatazama blauzi, pindo limetoka nje ya koti. Kikulacho, kweli. Yaani nimekuwa nikiivaa ya mtindo wa kuning'inia siku zote, kwa sababu ndiyo inayofaa kikaoni.

La mapajani limelowa katikati, duara lilelile ninalolijua. Ukanda wa mishono nimeukagua kwa ukucha, Cherehani, haujainuka popote. Nikakaa natazama koti dakika nzima ndipo nikaona. Zipu ya koti langu ina vishikio viwili, cha juu na cha chini. Cha chini huwa nakipandisha kidogo nikikaa, kama nusu ya kiganja, ili koti lisinibane tumbo. Nimefungua geti chini ya bakuli, mwenyewe, kila asubuhi, kwa mkono wangu. Makoti mawili nimeyatukana bure. Muuzaji simsamehi lakini, ile ya mtoni ilikuwa mbaya.

La makalio: unyevu kwenye mstari mmoja mwembamba, kama mtu kachora kwa rula. Nikapima na siti. Ni pale mshono wa gamba ulipofumuka upande wa nyuma, ufa wa kama urefu wa kiberiti, hata hauonekani mpaka ubonyeze. Nilipobonyeza maji yakatoka na povu. Ni maji ya juma lililopita hayo! Nimeitoa siti, nimeisimamisha kwenye jua siku mbili, ufa nimeuziba kwa gundi na kiraka cha mpira (pembe nimezikata mviringo, fundi). Pikipiki ikilala nje naivalisha siti mfuko.

Glavu nimegeuza. Mkono wangu uko chini ya kiwiko, nimepima.

Leo asubuhi ikashuka ile yenyewe, ya kufanya taa za magari ziwe kama vidonda. Saa nzima njiani. Kwenye taa nyekundu nimesimama wima nikamwaga bakuli, mtu kanipigia honi. Nimefika, nimevua, nimejipapasa mapaja mbele ya mlinzi bila aibu. Makavu. Mlinzi kaangalia pembeni.

Buti la kushoto: limejaa, kama kawaida.

Kichwa_Kigumu

Mimi nimeenda kukagua zipu yangu nikakuta ina kishikio kimoja. Kwa hiyo bado ninatafuta. Ila siti imetoa povu.

Mama Helmeti

Hongera mdogo wangu! Faili sasa libebe mkononi kama watu wengine.

Hilo buti, suruali iko juu yake miguu yote miwili? Na ule ulimi wa madigadi umeweka?

BintiGia

Suruali iko juu, nimefunga lastiki zote mbili. Ulimi wa madigadi nimeweka jana, na miundi imekuwa misafi, kweli. Buti la kulia kavu kama biskuti. Jana usiku nimeyajaza yote mawili maji bafuni nikayaweka juu ya gazeti, nikidhani nyayo zimeachana. Nyayo ziko sawa, chini hakuna tone.

Mzee wa Spana

Uliyajaza hadi wapi?

BintiGia

Kama vidole viwili kutoka chini. Sikutaka kuyaharibu zaidi.

Mzee wa Spana

Gia unaingiza kwa mguu upi?

BintiGia

Wa kushoto, kama kila mtu.

Mzee wa Spana

Na ukipanda gia unainua kwa nini? Kisigino au vidole?

BintiGia

Vidole. Naingiza ncha ya buti chini ya pedeli nainua. Mzee subiri.

BintiGia

Nimetoka kuangalia na tochi. Juu ya kidole gumba ngozi imelika imebaki kama karatasi, na katikati kuna ufa, nimeingiza njiti ya kiberiti ikapita hadi ndani. Nilikuwa nalipaka rangi ya viatu kila Jumapili, rangi imeuziba usionekane. Upande wa kulia hakuna alama yoyote.

Cherehani, kiraka cha ngozi juu ya buti, gundi gani? Na kitakaa chini ya pedeli ya gia au kitabanduka wiki ya kwanza?

Cherehani_Kimya

Usitumie ngozi, kitabanduka. Tafuta kipande cha mpira wa ndani wa tairi, hata ule mzee uliopasuka. Sugua ngozi na mpira kwa msasa vyote viwili, gundi ya kuzibia pancha, subiri ikauke hadi isishike kidole, ndipo ubandike na ugonge kwa nyundo. Kipandishe mpaka kwenye soli, mwisho wake usiwe pale pedeli inapokwaruza. Kilete kibandani kama hutaki kuhangaika, uzi siutoi.